Faili ipite wapi? Simu, kompyuta na kazi za ofisi Dilala

Kampuni ndogo ya Dilala, mjini Kolwezi, nchini Kongo (DRC), inayotafuta kazi migodini, iwe ni kupikia wafanyakazi, kushona sare, kukodisha magari au kusafisha ofisi, hushindana kwanza kwa makaratasi. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliwatengea wenye mtaji wa Kikongomani kandarasi ndogo, yaani sutretansi, na mamlaka inayoisimamia, ARSP, inataka wanaozifanya wajiandikishe. Kwa hiyo kila dosari ya makaratasi inaweza kukugharimu kandarasi: RCCM (usajili wa biashara), namba ya utambulisho wa taifa, namba ya kodi, cheti cha CNSS (hifadhi ya jamii), hati ya ARSP yenyewe, vitambulisho, wasifu wa wafanyakazi, picha za magari na mashine. Baadhi ya vitu hivyo viko kwenye simu ya bosi kwa sababu alivipiga picha, vingine kwenye kompyuta ya katibu, vingine kwa mhasibu anayeishi komuni ya Manika. Jioni ya mwisho ya kupokea maombi, kazi kubwa ni kuvikusanya mahali pamoja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anayehamisha kazi yake ya mwisho wa masomo kutoka simu hadi kompyuta ya biro ya kuchapia yuko katika hali hiyohiyo. Chombo cha kuhamishia faili kimekuwa sehemu ya riziki ya watu, na kinastahili kuchaguliwa kwa hesabu kuliko kwa mazoea.

Mazoea yetu ni kuuliza programu gani ina kasi, au ipi inatumiwa na wengi. Nadhani swali linalotangulia hayo yote ni hili: faili yenyewe inapita wapi? Ukishajua njia, unajua nani anailipia, nani anaweza kuifungua, na kama itafika siku ambayo intaneti au umeme havipo. Ukifuata swali hilo hadi mwisho, kwa mji kama Kolwezi, unafika kwenye jibu lililo wazi: faili za watu waliokaa chumba kimoja zisitoke nje ya chumba hicho. Kuna jambo la pili linalochanganywa na hili bila sababu, nalo ni ubao wa kunakilia, yaani maandishi unayonakili kwenye kifaa kimoja ili uyabandike kwenye kingine. Programu nyingi huuza mambo haya mawili kama huduma moja. Nitaonyesha kwa nini yafaa kuyatenganisha.

Tuanze na njia ambayo karibu kila mtu anaitumia. Katibu anamwomba bosi picha ya RCCM, na bosi, aliyeketi ng'ambo ya meza hiyohiyo, anaituma kwa WhatsApp. Picha inaondoka Kolwezi, inafika kwenye seva zilizo nje ya nchi, kisha inarudi. Kila megabaiti imelipiwa mara mbili, kwanza na anayetuma, halafu na anayepokea. Dosye, yaani jalada la maombi, ya megabaiti 100 inakula megabaiti 200 za bando lililonunuliwa, zile tunazoziita mega, hata kama simu mbili ziko sentimita 50 kutoka moja hadi nyingine. Ikibidi kuirudisha baada ya kusahihishwa, hesabu inaanza upya. Watu waliokatwa yuniti kwa ajili ya RAM, ile tozo ya kusajili simu iliyoanza 2020 na kufutwa 2022 baada ya malalamiko ya nchi nzima, wanajua jinsi makato madogo yanavyojumlika. Zaidi ya gharama, WhatsApp ikipokea picha kama picha huibana, na mihuri ya ofisi iliyosomeka vizuri kwenye simu hutoka na ukungu kwenye karatasi. Anayejua huituma kama hati ili ibaki ilivyo, lakini wengi hawajui, na maombi yanarudishwa kwa sababu namba haisomeki.

Wapo watakaojibu kwamba WhatsApp ni salama, na wana haki. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake umesimbwa kutoka mtumaji hadi mpokeaji, na kampuni yenyewe haiwezi kusoma kilichomo. Katika hilo inazipita programu nyingi za kuhamishia faili. Lakini usiri wa kilichomo hauifanyi njia iwe yako. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, serikali ilifunga intaneti nchi nzima, na ujumbe mfupi wa simu pia ukazimwa. Huduma zilirudi baada ya siku karibu 20. Haikuwa mara ya kwanza: Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, jambo hilo lilikuwa limeshatokea. Kwa mwenye ofisi, maana yake ni kwamba katika siku hizo hati iliyokuwa kwenye Google Drive ilikuwa mbali naye kama vile haipo, na simu ya bosi haikuweza kumpa katibu picha kwa njia waliyoizoea, ingawa vifaa vyote viwili vilikuwa vizima na vina chaji.

Umeme nao una somo lake, na Kolwezi ndiko mahali pa kulisoma. Laini ya umeme ya Inga–Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilikamilika 1982 kwa ajili ya kulisha migodi ya shaba, na kwa miaka mingi ilikuwa ndefu kuliko zote za aina yake duniani. Karibu na mji kuna mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo, nyumba za Dilala zinajua sana kukatika kwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Umeme ukizimika, ruta inazimika nayo, na kila mpango uliotegemea waya-fai ya ofisi unasimama. Simu haizimiki. Simu ina betri, ina antena, na ina uwezo wa kuwasha mtandaopepe wake yenyewe, ambao kompyuta ya mkononi na simu nyingine zinaweza kuunganishwa nao. Uwezo huo watu wengi huutumia kugawana intaneti tu, wakati thamani yake kubwa ni kwamba unafanya kazi hata pasipo intaneti kabisa.

Kabla ya kufika huko, flashi inastahili heshima yake. Haihitaji mega, haihitaji akaunti, na kila biro ya kuchapia mjini inaipokea. Mtu anayeuza nyimbo na filamu kwa kuzinakili kwenye flashi na kadi za kumbukumbu amefanya kazi ya usambazaji ambayo hakuna kampuni ya simu iliyoifanya kwa bei hiyo. Udhaifu wake ni kwamba kila kompyuta inayoigusa inaweza kuiachia virusi, na maarufu zaidi ni vile vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato mahali pake. Biro inayopokea flashi 50 kwa siku inachanganya kompyuta 50. Isitoshe, flashi hubeba kila kitu kilichomo: ukienda kuchapisha ukurasa mmoja, unampa mwenye kompyuta nafasi ya kunakili vitambulisho vyote vya kampuni yako. Bluetooth haina tatizo hilo, lakini ni ya polepole mno. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, megabaiti 100 zinachukua karibu dakika saba, na video ya mafunzo ya usalama kazini itakumalizia subira.

Ndiyo maana programu za Xender na SHAREit zilipokelewa kwa furaha Afrika nzima. Ziligundua hitaji la kweli: simu moja iwashe waya-fai, nyingine iingie, faili ipite kwa kasi bila kununua mega. Wazo lilikuwa sahihi, na sifa hiyo zisinyimwe. Kilichoharibu ni namna zilivyoanza kujilipa, kwa matangazo mengi, habari na video ambazo mtu hakuziomba, na ruhusa nyingi ndani ya simu kuliko kazi inavyohitaji. Februari 2021 watafiti wa Trend Micro walitangaza kasoro katika SHAREit ya Android, programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja, ambazo zingeweza kumruhusu mshambuliaji kuendesha msimbo wake ndani ya simu. Walisema walikuwa wameiarifu kampuni miezi mitatu kabla bila kupata jibu. Baadaye ilirekebishwa, lakini miezi mitatu ya ukimya ndiyo inayonisumbua. Wengine hutaja pia kwamba India ilizipiga marufuku programu hizi mbili mwezi Juni 2020. Siitumii hoja hiyo, kwa sababu marufuku ile ilifuata mapigano ya mpakani na China na ilikumba programu 59 kwa pamoja. Ni ushahidi wa siasa kuliko wa ufundi.

Wala si kweli kwamba kampuni kubwa hazitelezi. Google ilileta Nearby Share mwaka 2020, ikaiunganisha na Quick Share ya Samsung mwanzoni mwa 2024, na Agosti mwaka huohuo kampuni ya SafeBreach ikaeleza kasoro kumi ilizozikuta humo, hasa kwenye toleo la Windows. Tofauti ni kwamba Google ilijibu na kurekebisha. Ofisi ambayo simu zake zote ni Android na kompyuta zake zote ni Windows inaweza kutumia Quick Share ikaridhika nayo. AirDrop nayo ni nzuri kwa wenye iPhone na Mac, nao waitumie kwa amani. Shida ni meza halisi ya Dilala, yenye Tecno ya katibu, iPhone ya bosi, Samsung kuukuu ya dereva, kompyuta ya Windows, na pengine nyingine iliyowekewa Linux kwa sababu Windows iliilemea. Novemba 2025 Google ilitangaza kwamba Quick Share inaweza kuzungumza na AirDrop, lakini ilianza na simu za Pixel 10 peke yake, na hizo sizo zinazojaa kwenye vibanda vyetu.

Kwa meza hiyo iliyochanganyika, chaguo langu ni LocalSend. Ni programu huria iliyoanzishwa na mwandaaji programu Tien Do Nam, na inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux. Haidai akaunti, haina matangazo, haina seva ya kati. Vifaa vilivyo kwenye waya-fai moja vinaonana, unachagua jina la kifaa, mpokeaji anakubali, na faili inapita ikiwa imesimbwa. Kwenye waya-fai ya kawaida megabaiti 100 huchukua sekunde 30 hivi au pungufu. Hakuna mtu wa tatu, hivyo hakuna wa kuzima wala wa kutoza. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, jambo ambalo halithibitishi kwamba hauna kasoro, ila linafanya kuficha kasoro kuwe kugumu.

Ufundi wake unadai uangalifu katika mambo machache, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Ukiwasha mtandaopepe wa simu ya Android ili kompyuta iingie, zima kwanza data ya simu. Usipofanya hivyo, Windows itadhani imepata intaneti ya bure na kuanza kupakua masasisho yake, na mega za wiki nzima zitaisha wakati unahamisha picha tatu. Pili, Windows huuliza kama mtandao ni wa umma au wa faragha. Ukichagua wa umma, ukuta wake wa ulinzi huifanya kompyuta isionekane, na mtu hudhani programu imeharibika. Tatu, waya-fai za hoteli, mikahawa na wageni wa makampuni mara nyingi zimepangwa ili kifaa kimoja kisikione kingine. Hapo usihangaike, washa mtandaopepe wako. Mwisho, hariri jina la kifaa chako liwe linalotambulika, na usiruhusu kupokea bila kuulizwa, maana mtu yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kukurushia faili.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba WhatsApp tayari iko kila mahali, na LocalSend lazima kila mmoja aisakinishe. Ni kweli, na kwa mtu unayekutana naye mara moja tu pingamizi hilo linashinda. Hata hivyo programu hii inaweza kutoa faili kwa kiungo kinachofunguliwa na kivinjari chochote kilicho kwenye waya-fai hiyo, hivyo mgeni anapokea bila kusakinisha kitu. Kwa watu wa ofisi moja au familia moja, kusakinisha ni gharama ya mara moja. Isakinishwe kutoka Google Play, App Store, F-Droid au tovuti ya mradi wenyewe, si kutoka kwenye flashi ya mtu wa barabarani, kwa maana programu zilizochezewa huenea kwa njia hiyohiyo. Pingamizi jingine ni kwamba mradi mdogo unaweza kuachwa na waliouanzisha. Nalo ni kweli. Desemba 2024 programu rasmi ya Android ya Syncthing, chombo kizuri cha kulinganisha folda, ilisimamishwa kwa sababu mtunzaji wake alichoka kupambana na masharti ya Google Play. Ila faili zilizopitishwa na chombo cha aina hii ziko kwenye vifaa vyako. Chombo kikifa, unabadilisha chombo na hakuna kinachopotea. Wingu likifungwa, unaomba ruhusa ya kutoa vyako.

Kuna kazi moja ambayo LocalSend haiifanyi, na ni kosa kuidai: haihifadhi nakala. Simu ikiibwa sokoni, dosye imeondoka nayo. Ofisi yenye kompyuta mbili ifikirie Syncthing kwenye kompyuta hizo, ili folda ya maombi ilingane yenyewe kila zinapokutana kwenye mtandao mmoja, pamoja na diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Wingu nalo lina nafasi yake hapo, kama ghala la nakala za mwisho zilizokamilika, usiku ambapo mega ni nafuu, na si kama njia ya kila saa.

Sasa ubao wa kunakilia. Hapa hoja inageuka, kwa kuwa faili ni kitu unachoamua kukituma, wakati ulichonakili ni kitu kinachokaa tayari bila wewe kukikumbuka. Fikiria siku moja ya kazi: namba ya M-Pesa ya mteja, nywila ya barua pepe ya kampuni, namba ya akaunti ya benki, msimbo wa uthibitisho uliokuja kwa ujumbe. Vyote vimepita kwenye ubao huo. Apple ilianza kuushirikisha kati ya vifaa vyake mwaka 2016, na Windows ikafuata mwaka 2018 kwa kuupitisha kwenye wingu la Microsoft. Ni rahisi kweli. Lakini mwaka 2020, iOS 14 ilipoanza kumwonyesha mtumiaji kila programu inayosoma ubao wake, iligundulika kwamba programu nyingi maarufu, TikTok ikiwemo, zilikuwa zikiusoma bila sababu ya wazi. Google ilikuwa imeshaona hatari hiyo: tangu Android 10 ya 2019, programu isiyo mbele ya macho yako hairuhusiwi kuusoma, na Android 13 huufuta wenyewe baada ya muda. Wezi nao waliuona. Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilikuta ndani ya Google Play programu iliyokuwa ikingoja mtu anakili anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali, kisha ikabadilisha anwani hiyo kwa ya mwizi.

Chombo kinachosawazisha ubao kati ya simu na kompyuta bila kuulizwa, basi, kinaongeza idadi ya mahali ambapo siri zako zinaweza kuchotwa. Kama kompyuta ya ofisi inatumiwa na watu watatu, nywila uliyonakili kwenye simu yako imekuwa ya watu wanne. Ndiyo maana nashauri maandishi yatumwe kwa mkono, kipande kwa kipande, na LocalSend inalifanya hilo: unabandika maneno, unachagua kifaa, yanafika. Anayefanya kazi peke yake kwenye kompyuta yake mwenyewe anaweza kutumia KDE Connect, mradi huria ulioanza 2013, unaounganisha simu na kompyuta kwa funguo zinazokubaliwa pande zote mbili na kupitisha ubao ndani ya waya-fai ya nyumbani tu. Kwa sababu ya kizuizi kile cha Android, kutoka simu kwenda kompyuta itabidi uguse kitufe kila mara. Watumiaji wengi wanalalamikia hilo. Mimi naona kugusa huko ndiko kunakokulinda.

Mfanyakazi wa mgodini atauliza kama ushauri huu unahusu faili za mwajiri. Hauhusu. Kampuni nyingi hufunga milango ya flashi kwenye kompyuta zao na kukataza programu zisizoidhinishwa, na anayezikwepa kwa mtandaopepe wa simu yake anahatarisha kazi yake kwa haki. Lakini kampuni ndogo inayokusanya vitambulisho na wasifu wa wafanyakazi ina wajibu wake pia. Kanuni ya Sekta ya Kidijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu kuhusu ulinzi wa data binafsi, na picha ya kitambulisho cha dereva iliyobaki kwenye vikundi vitano vya WhatsApp ni data binafsi ya dereva huyo.

Litabaki swali la Starlink. Machi 2024 ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, iliikataza huduma hiyo ya intaneti ya setilaiti nchini. Mei 2025 ikaipa leseni. Mega zikishuka bei, sehemu ya hoja yangu inayohusu gharama itapungua nguvu, na nitafurahi ipungue. Zilizobaki hazitapungua. Leseni iliyotolewa na serikali inaweza kusimamishwa na serikali, kama Januari 2019 ilivyoonyesha kwa kampuni zote za simu, na sahani ya setilaiti inahitaji umeme uleule wa SNEL. Anayenunua sahani hiyo kwa ajili ya ofisi yake aifurahie kwa simu za video na kwa kupeleka maombi Lubumbashi au Kinshasa. Kwa picha ya RCCM inayotoka mkononi mwa bosi kwenda kwa katibu wake, mtandaopepe wa simu unatosha.